Msichana wa Kodak: Mwanamke na Kamera katika Matangazo ya Biashara, 1888–1930

Matangazo ya kamera yaliyochapishwa Marekani na Uingereza kati ya mwaka 1888 na mwaka 1930 yalimweka mwanamke nje ya nyumba, kamera mkononi, katika wakati ambao kurasa nyingine za majarida hayohayo zilimwonyesha jikoni, sebuleni au kando ya kitanda cha mtoto. Alisimama ufukweni huku upepo ukilipeperusha gauni lake, akapanda vilima, akaendesha baiskeli, akasafiri kwa meli na treni, na mara nyingi hakuwa na mwanamume ubavuni. Historia ya sura hiyo haielezeki kwa ukarimu wa wenye viwanda peke yake, wala kwa hila yao peke yake, kwa kuwa ilichangiwa pia na udhaifu wa filamu za siku zile, hesabu za soko na madai ya wanawake wenyewe. Hoja inayofuatwa hapa ni kwamba matangazo yalimpa mwanamke kamera pamoja na uwanja wa kuitumia, lakini yakamnyima sifa ya ufundi, na kwamba wanawake wengi waliipokea kamera bila kulikubali sharti hilo.

Enzi ya vioo na kemikali, hadi 1887

Katika miaka ya 1850 hadi 1870 njia iliyotawala upigaji picha ilikuwa ya kolodioni mbichi, yaani kimiminika chenye kunata kilichopakwa juu ya kioo, kikachovywa katika chumvi ya fedha, kisha kikapigwa picha na kusafishwa papo hapo kabla hakijakauka. Aliyetaka kupiga picha mbali na nyumbani alilazimika kubeba hema la kumpatia giza, chupa za kemikali, beseni, vioo na kamera yenye miguu mitatu, mzigo ambao kwa kawaida ulihitaji mkokoteni au msaidizi. Upigaji picha wa ridhaa, yaani ule unaofanywa kwa mapenzi bila kutafuta malipo, ulikuwa kwa hiyo shughuli ya watu wenye fedha, nafasi na subira.

Wanawake hawakukosekana katika enzi hiyo ngumu. Julia Margaret Cameron, aliyepewa kamera yake ya kwanza mwaka 1863 akiwa na umri wa miaka 48, aligeuza banda la kuku nyumbani kwake katika kisiwa cha Wight kuwa studio, akapaka na kusafisha vioo vyake mwenyewe huku mikono ikiwa imepakaa madoa meusi ya chumvi ya fedha, na kazi zake zinahesabiwa hadi leo kati ya picha bora za watu za karne ya 19. Jambo hili linapaswa kukumbukwa kila matangazo ya baadaye yanaposomwa, kwa sababu mengi yao yalijengwa juu ya dhana kwamba mwanamke alikuwa akisubiri kurahisishiwa kazi ambayo asingeimudu.

Mageuzi yalianza Rochester, katika jimbo la New York, ambako karani wa benki aitwaye George Eastman alinunua vifaa vya kolodioni mwaka 1877 kwa ajili ya safari ya Santo Domingo ambayo hakuwahi kuifanya. Uzito wa vifaa hivyo ulimsukuma kutafuta njia nyepesi zaidi. Kutoka kwenye majarida ya Uingereza alijifunza matumizi ya vioo vikavu, ambavyo vilipakwa jelatini iliyochanganywa na chumvi ya fedha na kuweza kutunzwa kwa muda mrefu kabla ya kutumiwa, na mwaka 1880 alianza kuvitengeneza kwa biashara. Mwaka uliofuata aliungana na mfanyabiashara Henry Strong kuunda kampuni, akaacha kazi ya benki, na kufikia katikati ya muongo huo alikuwa ameshaingiza sokoni filamu ya karatasi iliyozungushwa kwenye kigurudumu badala ya kioo.

Kitufe cha mwaka 1888

Kamera iliyoitwa Kodak, jina alilolibuni Eastman kwa kuwa alitaka neno fupi lisilo na maana yoyote katika lugha yoyote, ilitoka mwaka 1888. Ilikuwa boksi la mbao lililofunikwa ngozi, lisilo na kioo cha kulengea, bali mistari miwili tu juu yake iliyomwonyesha mtumiaji upande wa kuielekeza. Kazi yote ilikuwa ya hatua tatu: kuvuta uzi ili kutega mlango wa mwanga, kubonyeza kitufe, na kuzungusha ufunguo ili kuleta sehemu mpya ya filamu. Ndani yake mlikuwa na filamu ya kutosha picha 100 za mviringo. Zilipokwisha, kamera nzima ilirudishwa Rochester, ambako kwa dola 10 picha zilisafishwa na kuchapwa na filamu mpya ikawekwa. Kamera yenyewe iliuzwa dola 25, fedha ambazo kibarua wa kawaida wa Marekani alizipata kwa kazi ya zaidi ya wiki mbili.

Kaulimbiu ya kampuni ilimwahidi mnunuzi kwamba yeye angebonyeza kitufe na kampuni ingefanya mengine yote. Ahadi hiyo iligawa upigaji picha katika sehemu mbili ambazo awali zilikuwa moja: kuona, kuchagua na kubonyeza kulibaki kwa mteja, huku elimu ya kemikali ikihamia kiwandani. Sehemu ya pili ndiyo iliyokuwa imehesabiwa kwa muda mrefu kuwa ufundi wenyewe, na hapo ndipo mwanamke alipopata kazi katika matangazo. Ili kumshawishi mnunuzi kwamba kifaa ni rahisi, kampuni ilimhitaji mtu ambaye jamii ya wakati ule ilimdhania hana uwezo wa mitambo, na mtu huyo akawa ama mtoto ama mwanamke. Urahisi wa kamera ulithibitishwa kwa kudhani udhaifu wa mtumiaji wake, na dhana hiyo ilidumu katika biashara ya kamera kwa vizazi kadhaa.

Haikosi uzito kwamba huko Rochester sehemu kubwa ya kazi iliyofichwa nyuma ya kaulimbiu ilifanywa na wanawake. Wafanyakazi wa kike walijaza vyumba vya kuchapia na kumalizia picha. Sura yao haikuwa ile iliyouza kamera.

Sharti la jua

Wasomaji wa leo wanaweza kudhani kwamba fukwe, bustani na milima ya matangazo hayo vilichaguliwa kwa ajili ya uzuri tu. Sababu ya kwanza ilikuwa ya kifizikia. Filamu ya mwishoni mwa karne ya 19 ilihitaji mwanga mwingi sana, lenzi za bei nafuu zilipitisha mwanga mdogo, na mlango wa mwanga wa kamera hizo ulifunguka kwa kasi moja isiyobadilika kirahisi. Matokeo yake, picha ya papo hapo iliwezekana mchana, nje, jua likiwa kali, na maelekezo yaliyoambatana na kamera yalimtaka mtumiaji asimame jua likiwa nyuma yake au ubavuni. Ndani ya nyumba alihitaji kuweka kamera juu ya meza na kuacha lenzi wazi kwa sekunde nyingi.

Kampuni iliyouza kifaa cha namna hiyo haikuwa na budi kuuza pia hamu ya kutoka nje. Kwa bahati nzuri kwake, miaka hiyohiyo ilishuhudia tabaka la kati la miji ya Marekani na Uingereza likipata likizo za kiangazi, reli zikifika pwani na milimani, na baiskeli yenye magurudumu mawili yaliyolingana ikienea kuanzia mwisho wa miaka ya 1880. Lewis B. Jones, aliyeajiriwa mwaka 1892 kusimamia matangazo ya Eastman, aliunganisha mambo hayo kwa ustadi mkubwa, na chini ya uongozi wake likizo isiyo na kamera ilianza kuelezwa kuwa likizo iliyopotea.

Kutoka Chicago hadi Paris, 1893–1900

Maonyesho makubwa ya dunia yaliyofanyika Chicago mwaka 1893 yalimpa mwanamke mwenye kamera jukwaa lake la kwanza kubwa. Matangazo ya Kodak ya mwaka huo yaliwaonyesha wanawake vijana, waliovaa vizuri na kuvaa kofia, wakitembea katika viwanja vya maonyesho na kamera zao. Waandaaji walikuwa wamempa mpigapicha rasmi haki ya pekee, wakapiga marufuku kamera za miguu mitatu kwa wageni, na wakatoza dola 2 kwa siku kwa kila kamera ndogo ya mkononi. Kwa hiyo msichana wa tangazo hakuwa mtazamaji tu. Alikuwa mgeni aliyelipia kibali cha kuangalia kwa macho yake mwenyewe mahali ambapo picha rasmi zilikuwa mali ya mwanamume mmoja.

Katika miaka iliyofuata sura hiyo ilipata jina, Msichana wa Kodak, na ikakutana na mjadala mkali kuhusu yule aliyeitwa Mwanamke Mpya, yaani mwanamke aliyesoma, aliyefanya kazi, aliyeendesha baiskeli na kudai uhuru wa kwenda atakako. Kampuni iliuza kamera zilizotengenezewa mikoba ya kufungwa kwenye baiskeli, na michoro ya matangazo ikamwonyesha mwanamke akiwa ameegesha baiskeli yake kando ya barabara ya shamba. Ni vigumu kukanusha kwamba sura hizo zilisaidia kuufanya mwendo wa mwanamke peke yake uonekane jambo la kawaida na la heshima. Uingereza heshima hiyo ilipata nguvu kutoka juu kabisa, kwa kuwa Alexandra, mke wa mrithi wa ufalme na baadaye malkia, alikuwa mpenzi mkubwa wa Kodak, na mwaka 1908 kitabu cha picha alizopiga mwenyewe kiliuzwa kwa ajili ya hisani.

Hata hivyo tangazo lilikuwa na mpaka ambao lilikataa kuuvuka. Lilizungumza na mwanamke kuhusu matembezi, furaha na kumbukumbu, ilhali wanaume waliambiwa, katika kaulimbiu moja ya mwanzoni mwa karne ya 20, kwamba anayewinda kwa Kodak hafungwi na sheria za uwindaji. Wakati huohuo wanawake wenyewe walikuwa wakisema mengine kabisa. Catharine Weed Barnes wa Albany, New York, aliyekuwa mhariri katika jarida la wapigapicha wa ridhaa kuanzia mwaka 1890, alipinga tuzo za pekee za wanawake katika mashindano, akisisitiza kwamba kazi ipimwe kwa ubora wake bila kujali ni ya nani. Frances Benjamin Johnston, aliyepata kamera yake ya kwanza kutoka kwa Eastman mwenyewe, aliandika mwaka 1897 katika jarida la *Ladies' Home Journal* makala iliyoeleza upigaji picha kama kazi ya kipato inayomfaa mwanamke, akitaja mafunzo, mtaji, bidii na akili ya biashara inayohitajika. Miaka mitatu baadaye aliandaa onyesho la kazi za wapigapicha wanawake wa Marekani lililopelekwa Paris.

Umbali kati ya makala ya Johnston na tangazo la Kodak ndio umbali ambao historia hii inauzungumzia. Jarida moja liliweza kubeba vyote viwili: ukurasa mmoja ukimwita mwanamke kwenye taaluma, na mwingine ukimhakikishia kwamba hakuna cha kujifunza.

Picha ya msichana wa Rochester, 1900–1903

Mwaka 1900 kamera ya Brownie, boksi la kadibodi lililouzwa dola 1, ilishusha bei ya upigaji picha hadi kufikiwa na watoto na wafanyakazi, na watu walioitwa mashetani wa Kodak, kwa sababu walipiga picha za waogeleaji na wapita njia bila ruhusa, wakaongezeka. Wasiwasi huo haukuwa mpya. Tayari mwaka 1890 wanasheria Samuel Warren na Louis Brandeis walikuwa wameandika kuhusu haki ya faragha, wakizitaja picha za papo hapo kati ya vitisho vyake.

Kesi iliyolifikisha suala hili mahakama ya juu ya jimbo ilitoka Rochester kwenyewe, na mlalamikaji alikuwa msichana. Abigail Roberson aligundua kwamba sura yake ilikuwa imechapwa bila idhini yake katika nakala zipatazo 25,000 za bango la kutangaza unga wa ngano, na kwamba mabango hayo yalitundikwa madukani, maghalani na katika baa. Aliugua kwa fedheha, akashtaki, akashinda katika mahakama za chini, lakini mwaka 1902 mahakama ya rufani ya New York ilimkatalia kwa kura nne dhidi ya tatu, kwa hoja kwamba sheria haikuitambua haki ya faragha. Hasira ya umma ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka uliofuata bunge la jimbo lilipitisha sheria inayokataza kutumia jina au picha ya mtu kwa biashara bila idhini yake ya maandishi.

Kesi hii haikuhusu kampuni ya kamera, lakini haiwezi kutenganishwa na matangazo yake. Mji uleule uliokuwa ukisambaza duniani sura ya msichana anayechagua apige nini ulikuwa pia mji wa msichana ambaye hakuulizwa kama sura yake ingepigwa muhuri wa unga. Msichana wa Kodak alikuwa huru kwa sababu alichorwa. Roberson alilazimika kuutafuta uhuru huo mahakamani, akashindwa, na sheria iliyotokana na kushindwa kwake ikawa kinga ya wote waliokuja baada yake.

Gauni la mistari, 1910–1914

Mwaka 1910 mchoraji wa Uingereza John Hassall alimvika Msichana wa Kodak gauni la mistari ya buluu na nyeupe, na kuanzia hapo alitambulika kabla hata jina la kampuni halijasomwa. Uchaguzi huo ulikuwa wa busara ya biashara, kwa maana mistari ilionekana kwa mbali ukutani, ilichapika vizuri hata bila rangi, na iliruhusu sura ya msichana kubadilika kila mwaka kufuata mitindo huku vazi likibaki lilelile. Alitumika kwa miongo kadhaa, hasa Uingereza.

Mtu akiyaangalia matangazo hayo kwa karibu ataona jambo ambalo wingi wao unalikariri. Msichana amesimama wima, mara nyingi juu ya mwamba au mchanga wa pwani, mguu mmoja mbele, gauni limevutwa na upepo upande mmoja. Kamera ameishika kiunoni au imening'inia kwenye mkanda. Macho yake hayako kwenye kioo cha kulengea bali yanatazama mbali au yanamtazama msomaji, anayemwona katika pumziko kabla ya picha au baada yake. Kitu alichopiga hakionekani, na tangazo halimwombi msomaji akijali. Yeye mwenyewe ndiye mandhari. Ni msichana mweupe, kijana, mwembamba, wa tabaka lenye likizo. Mwanamke mweusi wa Marekani, aliyekuwa naye akinunua Brownie na kujaza albamu, hakuwa na nafasi katika kundi hilo.

Mitaani London hali ilikuwa nyingine. Christina Broom, aliyeanza mwaka 1903 kwa kamera ya kuazima ili kuitunza familia yake, alisimama kwenye mvua na umati akipiga picha za askari na za maandamano ya wanawake waliodai haki ya kupiga kura, akaziuza kama kadi za posta. Marekani, Nancy Ford Cones wa Ohio alishinda tuzo katika mashindano ya Kodak ya mwaka 1905 yaliyovuta maelfu ya picha, na kampuni ikanunua kazi zake kwa ajili ya matangazo. Kwa hiyo jicho la mwanamke lilikuwamo ndani ya tangazo hata pale tangazo lilipomwonyesha kama asiye na ufundi, na hilo ni dai zito zaidi ya yote yanayoweza kutolewa dhidi yake.

Kurudi nyumbani, 1914–1927

Vita Kuu ya Kwanza ilibadili kazi aliyopewa mwanamke wa matangazo. Matangazo yalimtaka sasa apige picha za nyumbani na kuzituma kwa askari, na amani ilipopatikana yalimgeuza kuwa mtunza kumbukumbu za familia. Kamera ya mwaka 1914 iliyoruhusu kuandika tarehe na maelezo juu ya filamu kupitia kidirisha kidogo ilipendekezwa hasa kwa mama anayetaka kujua mtoto alisimama lini. Nje ya nyumba ikawa ua wa nyumba. Kutunza albamu ilikuwa kazi halisi, na familia nyingi zisingekuwa na historia ya kuonekana bila kazi hiyo, lakini matangazo yaliitaja kama pendo lisilohitaji jina, na kwa kweli majina ya wapigapicha hayakuandikwa.

Kamera ya mkobani na kambi ya Marsabit, 1926–1930

Mwaka 1928 ilitoka kamera ya Vanity, iliyoundwa na Walter Dorwin Teague kwa rangi tano zilizopewa majina ya ndege, na mwaka uliofuata ikaja seti iliyoweka kamera, kioo, poda na rangi ya mdomo katika mkoba mmoja. Miaka 35 baada ya Chicago, kifaa kilichokuwa kimemtoa mwanamke nje kiliuzwa kwake kama pambo la kulinganishwa na gauni.

Wakati huohuo Eastman mwenyewe alikuwa amemwona kwa macho mwanamke asiyefanana na tangazo lake. Mwaka 1926 alisafiri hadi Kenya na kufika kwenye kambi ya Martin na Osa Johnson kando ya ziwa walilolipa jina la Paradise katika mlima Marsabit, ambako wanandoa hao, kwa msaada wa fedha zake, waliishi miaka kadhaa wakipiga filamu za tembo, vifaru na simba. Osa alishika bunduki akimlinda mumewe kazini, alitumia kamera, aliendesha magari na kusimamia kambi. Hata yeye aliuzwa kwa watazamaji wa Marekani zaidi kwa sura na mavazi yake kuliko kwa kazi yake, na wapagazi na wasoma nyayo wa Kenya waliobeba kamera hizo na kuwaongoza hadi kwa wanyama waliwekwa mbele ya lenzi tu, hawakuhesabiwa kamwe kuwa watu ambao wangeweza kusimama nyuma yake.

Eastman alifariki mwaka 1932, na gauni la mistari likaendelea kutangaza filamu kwa miaka mingi baada yake. Michoro ya Msichana wa Kodak imetunzwa katika makumbusho, ikiwa na tarehe zake na, mara nyingi, majina ya wachoraji wake. Picha ambazo wanawake walizipiga kwa kamera hizo, ambazo ndizo ushahidi wa kile walichokiona huko nje, kwa sehemu kubwa zimebaki katika albamu zisizo na majina, na mwanahistoria anayeandika kuhusu matangazo hayo bila kuzifungua albamu hizo anaandika historia ya kampuni, hajaandika bado historia ya wanawake.